Fa Iliyomezwa

Kwaya ilikuwa haijamaliza mstari wa kwanza wakati Mama Adelhelma alipoacha kusikia.

Kwanza vilinyamaza vipaza sauti vya ukutani, vyote kwa pamoja. Waumini wa nyuma wakatazamana. Kwaya ya Lihanga haikuacha kuimba, maana mwalimu wao, Skolastika Hyera, alikuwa amewazoesha kwamba sala haikatishwi katikati. Lakini sauti zao zilibaki ndogo chini ya paa lile refu. Skolastika aliendelea kupunga mikono, na kwa pembe ya jicho akamwona mama yake kwenye benchi la mbele. Mzee aligonga sikio la kulia kwa kidole, kisha la kushoto. Akakodolea macho midomo ya wanakwaya. Alikuwa kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake, anawaona wenzake dirishani wakila.

Baada ya Misa walikutana nje, kwenye baridi ya milima ya Mbinga. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mibuni.

"Kimenisemesha," mama alisema.

"Nini kimekusemesha, mama?"

"Hiki kidude cha masikioni. Kimesema, 'Wimbo huu unasubiri uthibitisho wa mmiliki. Samahani kwa usumbufu.' Sauti ya binti, ana adabu zake. Kisha kimya. Padre alipokohoa nimemsikia vizuri kabisa. Wimbo wangu, hapana."

Wimbo ulikuwa wake kweli. Mwaka uliopita, moyo ulipoanza kumsumbua na daktari akawa anaongea naye kwa upole kuliko kawaida, Mama Adelhelma alimwita mwanawe jikoni. "Nitungie wimbo wa kunisindikizia," alimwambia. "Lakini nataka niusikie kabla. Maiti hasikii, msije mkanifanyia vitu vizuri nikiwa sina habari." Skolastika alicheka, akaenda kulia chumbani, kisha akatunga, akimwonjesha vipande vipande jikoni. Wimbo ukaitwa *Ipokee Jioni Yangu*, na Jumapili ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuimbwa kanisani ukiwa umekamilika.

"Watausikia wote isipokuwa mimi," mama alisema, akafunga kanga vizuri kichwani. "Haya, twende nyumbani. Miguu inaniganda."

*

Hakuna kipaza sauti kinachotengenezwa siku hizi bila kitambuzi ndani yake. Kitambuzi husikiliza kila kinachopita, hulinganisha na alama za nyimbo zote zilizosajiliwa, na wimbo ukiwa hauna ruhusa hukata sauti. Sheria ilitungwa kuwalinda wasanii walioibiwa jasho lao kwa miaka mingi, na Skolastika mwenyewe aliifurahia siku ilipotangazwa. Hakuna aliyefikiria kwamba mbele ya sheria ile mashine ya masikioni nayo ni kipaza sauti.

Haya aliyaeleza Wakili Nuhu Semvua, kijana mrefu aliyetumwa na kampuni ya Mwangwi. Alifika parokiani na ndege ya kubebea kahawa, suti yake ikinukia magunia, akaamkia watu wote hadi wapishi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu. Kaa huku, kile kiti kingine kina mguu mbovu."

Walikaa kwenye chumba cha kwaya. Juu ya meza kilikuwepo kile kisanduku cha rangi ya maziwa ambacho kampuni iliwagawia walimu wa kwaya bila malipo. Jina lake mwenzi. Mtunzi anaimba sauti ya kwanza, mwenzi anapendekeza ya pili, ya tatu na besi. Mtunzi akikwama, mwenzi anampa njia. Skolastika alikitumia kwa shukrani. Na alipousajili wimbo, alipoulizwa kama kuna sehemu iliyotoka kwa mwenzi, alijibu kwa ukweli: ubeti wa tatu. Alikwama pale kwa majuma, akakiwasha kisanduku, na ubeti ukaja.

"Jibu lako ndilo lililoufunga wimbo," wakili alisema. "Ungesema ni wako wote, mfumo ungeupitisha. Sisi tungeweza kubisha, ila ingechukua muda. Umesema ukweli, na sisi tunauheshimu ukweli wako. Kwa hiyo nimekuja na jambo jepesi. Baraza la Kazi za Ubunifu litakaa Songea wiki ijayo. Utaapa mbele ya mwamuzi kwamba wimbo umetokana na wewe pamoja na Mwangwi, na hakuna mwingine. Sisi papo hapo tunaufungua kwa kwaya yako, na kwa mama yako, siku zote. Vipaza sauti, masikio, vyote."

"Na nyinyi?"

"Sisi tunabaki wamiliki wenza. Tutautumia tunapouhitaji."

"Mtautumia wapi wimbo wa maziko?"

Wakili alitabasamu kidogo, bila kebehi. "Watu wanakufa kila mahali, mwalimu."

Kisha, kumkumbusha wanachozungumzia, akauchezesha ubeti wa tatu kutoka kwenye kisanduku. Sauti ya pili inaanza peke yake. Inapanda: do, re, mi. Hapo panakuja kimya kifupi, kama mtu aliyekabwa na machozi, halafu sauti inatua kwenye so na kwaya nzima inaingia. Kimya kile ndicho kilichowatoa watu machozi hata mazoezini. Skolastika aliwahi kukisifu kile kisanduku kwa ajili yake.

Sasa, mwanaume mgeni akiwa amekaa mbele yake, alikisikia kimya kile kama anakisikia mara ya kwanza.

"Rudisha," alisema.

Wakili akarudisha. Do, re, mi. Kimya. So.

Kimya kile kilikuwa mahali pa fa. Fa iliyomezwa.

*

Kwaya za jirani zilikuwa na utani wao kwa watu wa Lihanga. Kwenye mashindano ya dayosisi, wa Lihanga wakipanda jukwaani, kuna mtu lazima angeuliza kwa sauti, "Wameshapona kwikwi?" Kisa kilikuwa kinanda cha kukanyaga kilichoachwa na wamisionari. Ulimi wa shaba wa fa ya katikati ulikatika zamani sana, wala hakukuwa na wa kuutengeneza. Mwalimu wa enzi hizo alijua kucheza akianzia kibonyezo kimoja tu cha do, kila wimbo, kila siku. Kwa hiyo akina mama wa sauti ya pili, waliojifunza kila kitu kwa kufuata kinanda kile, walipofika kwenye fa walikuta upepo mtupu. Walingoja. Kinanda kilipoita tena, waliingia. Wakawafundisha mabinti zao hivyo hivyo. Kinanda kilipowekwa stoo na vya umeme kununuliwa, fa ilipatikana, lakini akina mama hawakuirudia. Kila mwalimu mpya alijaribu kuwasahihisha. Skolastika alijaribu pia, akashindwa, na mama yake mwenyewe ndiye aliyekuwa mkaidi kuliko wote.

Kisanduku kilikuwa kimekaa pale mezani kila mazoezi, kikisikiliza.

Aliwaeleza wanakwaya jioni hiyo kabla ya kuanza. Walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, wengine wakiwa na majembe yaliyotoka shambani. Mwenyekiti wa kwaya, Gaudensi Kinunda, mwimba besi mwenye kitambi na maneno mengi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema.

"Kwa hiyo lile kosa letu lina mwenyewe sasa? Tumechekwa miaka yote hii, leo kampuni inasema kwikwi ni yao?"

Watu wakacheka. Skolastika akacheka nao, kisha akawaambia lililobaki. Akiapa kwamba hakuna mwingine, wimbo unafunguliwa. Akisema akina mama wa sauti ya pili nao wamo, sheria inawahesabu kuwa wadai wa tatu, na wimbo wenye wadai wa tatu hubaki umefungwa mpaka wote wasikilizwe.

"Muda gani?" Gaudensi aliuliza.

"Kuna kesi za hivyo zimechukua miaka."

Kicheko kikaisha. Wote walijua hali ya Mama Adelhelma. Siku hizo alijikongoja kwenye Misa tu; mazoezini alikuwa haji tena, mlima ulimshinda.

"Mwalimu," Gaudensi alisema polepole, "mimi nasema apa. Sisi hatukukudai kitu. Ukituuliza kama tunautaka huo umiliki, mimi sijui hata nitauweka wapi. Mzee asikie wimbo wake. Basi."

"Nikiapa, nitakuwa nimemwita Mungu ashuhudie kwamba ninyi hamkuwepo."

"Mungu anatujua tulikuwepo."

"Ndiyo shida yenyewe, Mwenyekiti."

Wakaimba nyimbo za Jumapili, na kila ilipofika fa ya katikati, Skolastika alisikia shimo dogo, na hakuwasahihisha.

*

Nyumbani alimkuta mama yake akichambua maharage karibu na moto. Alimweleza yote, kwa sauti ya juu kidogo kama alivyozoea. Mama alisikiliza hadi mwisho bila kuinua macho kwenye ungo.

"Sema tu," alisema.

"Mama?"

"Sema hayo wanayotaka. Wewe unafikiri Mungu hana kazi? Atahesabu fa za bibi mmoja wa Lihanga?"

"Ni kiapo, mama. Wewe ndiye uliyenifundisha Amri."

"Nilikufundisha pia ya nne, waheshimu baba na mama." Aliokota jiwe kwenye maharage, akalitupa motoni. "Mimi sina miaka ya kungojea baraza, Skola. Niliomba kitu kimoja. Sikuomba nyumba, sikuomba gari. Niliomba nisikie."

Skolastika alijua mama yake hatanii. Alikaa naye mpaka maharage yakaisha, kila mmoja akiangalia moto kivyake.

Siku zilizofuata alisali kila alipopata nafasi, kwenye ibada na njiani na akiosha vyombo. Mwanzoni aliomba njia ya kumpa mama wimbo bila kusema uongo. Njia haikuja. Akaomba kosa lile lionekane dogo. Lilikataa kuwa dogo. Kila alipolipima aliziona nyuso: mama zake wadogo, majirani, mabinti waliofunzwa na bibi zao, wamesimama mstari wa sauti ya pili wakingoja kinanda kiite. Walingoja pamoja hadi kungoja kwao kukawa wimbo. Kusema hawapo ilikuwa ni kuwafungia nje kama mama alivyofungiwa Jumapili ile, na safari hii mlango angeufunga yeye.

Siku moja, akiwa amepiga magoti kwenye ubao baridi wa kanisa, sala yake ilibadilika yenyewe. "Bwana," alisema, "sikuombi tena unitoe hapa. Ukinisimamisha pale, usiniache nipinde maneno. Na mama yangu mtazame wewe, kwa maana mimi ninakwenda kumnyima."

Alipoinuka magoti yaliuma, ila hofu ilikuwa imepungua.

*

Baraza lilikaa kwenye ukumbi mdogo Songea. Mwamuzi, Bibi Tabitha Mgimba, alikuwa na mafua makali na kikombe cha chai ya tangawizi ambacho hakikutoka mkononi.

"Mwalimu Hyera, umesoma maneno ya kiapo?"

"Nimeyasoma, mheshimiwa."

"Uko tayari kuapa?"

"Naomba kuapa, lakini si kwa maneno hayo. Hayo si kweli."

Wakili Semvua aliinua kichwa. Skolastika alieleza kuhusu kinanda, ulimi uliokatika, na akina mama waliosubiri upepo. Aliongea taratibu. Mara mbili alisahau alipokuwa, akarudi nyuma. Mwamuzi alipomwomba aonyeshe, aliimba ubeti wenyewe, na sauti yake ilitetemeka kwenye re, ila kimya alikishika sawasawa.

"Mheshimiwa," wakili alisema akisimama, "sibishi habari ya kinanda, ni habari nzuri. Lakini kila mtunzi amejifunza kwa kusikia. Mwalimu mwenyewe amejifunza kwa akina mama hao hao. Mbona yeye wimbo ni wake, na mwenzi akisikia yale yale inakuwa si wake? Tukienda hivyo, hakuna wimbo duniani utakaokuwa na mwenyewe."

Mwamuzi alimgeukia Skolastika. "Hilo ni swali la haki. Unalijibuje?"

Lilikuwa swali la haki kweli, na Skolastika mwenyewe alikuwa amekesha nalo asipate jibu. Alisema alichokuwa nacho.

"Mimi nilipojifunza kwao, walijua ninajifunza. Walinigombeza. Walinikalisha chini nikakataa, wakanikalisha tena. Na nilipotunga, wimbo niliurudisha kwao wauimbe, wakaubadilisha walipoona haufai. Kile kisanduku walikiona kama saa ya mezani. Hakuna aliyewaambia kinasikiliza. Sasa kinataka niape kwamba hawakuwepo chumbani. Mheshimiwa, sijui sheria inavyogawa. Inawezekana kampuni ina sehemu yake, na mimi yangu, kwa maana kile kimya kisanduku ndicho kilichojua kukiweka pale. Mimi nilikuwa nimekisikia maisha yangu yote nikakiita kosa. Ila siwezi kusema tulikuwa wawili. Tulikuwa wengi."

Mwamuzi alipenga kamasi, akaandika. Aliandika kwa muda.

"Unajua matokeo yake?"

"Ninayajua."

"Wimbo unabaki umefungwa. Kila mwimbaji wa sauti ya pili ataitwa kusikilizwa. Nikupe nafasi ufikirie tena?"

Skolastika alimwona mama yake na ungo wa maharage. "Hapana, mheshimiwa," alisema. "Nimeshafikiria."

Nje, Wakili Semvua alimkuta akisubiri usafiri. Alisimama pembeni yake. "Kampuni ina visanduku kama kile kwenye kwaya nyingi, mwalimu," alisema. "Umetufungulia kazi."

"Pole, mwanangu."

"Asante," alisema, na ilionekana hakujua anamshukuru kwa lipi.

*

Mama Adelhelma alipewa habari, akatikisa kichwa mara moja. Siku mbili hakusema na mwanawe zaidi ya salamu na chakula. Siku ya tatu akamtuma mtu amwite Gaudensi.

Skolastika hakujua walichozungumza. Alichokiona ni kwamba alipofika mazoezini, mlango wa stoo ulikuwa wazi, na Gaudensi na wanaume wengine wa besi walikuwa wanakokota kinanda cha zamani katikati ya chumba, wakitukanana kwa upole. Mbao zake zilikuwa na vumbi na madoa ya mishumaa. Na pembeni, kwenye kile kiti chenye mguu mbovu kilichoegemezwa ukutani, alikuwa amekaa mama yake.

"Umepandaje mlima?"

"Nimebebwa kwenye toroli, kama ndizi," mama alisema. "Mwenyekiti alisukuma. Amelalamika njia nzima." Kisha akavua mashine za masikioni, moja baada ya nyingine, akazifunga kwenye ncha ya kanga. "Binti wa adabu apumzike. Sogezeni kiti."

Wakamsogeza. Aliweka kiganja cha kulia juu ya ubavu wa kinanda, vidole vimetandazwa, kama anayepima joto la mtoto mgonjwa. Akaelekeza macho kwa mwanawe na kusubiri.

Skolastika alikaa mbele ya kinanda. Hapakuwa na kipaza sauti chumbani, na kile kisanduku walikuwa wamekifungia kwenye kabati la mishumaa. Alikanyaga mivukuto. Kinanda kilikoroma, kikakohoa vumbi, kikaita. Wakaanza *Ipokee Jioni Yangu*. Ubeti wa kwanza mama alikaa tu, kiganja kikitetemeka na mbao. Wa pili akafumba macho. Midomo haikufunguka.

Ubeti wa tatu wengine wote walinyamaza. Kinanda kilicheza sauti ya pili peke yake, na akina mama wakakifuata. Do. Re. Mi. Skolastika alibonyeza fa, na pale mahali pa zamani hapakutoka kitu isipokuwa upepo. Mbao zikatulia chini ya kiganja cha mzee.

Hapo ndipo Mama Adelhelma alipojua walipo. Akavuta pumzi. Akangoja na wenzake, sawa na walivyongoja siku zote, na kinanda kilipotetemeka tena aliingia kwenye so pamoja nao, kwa sauti ya mikwaruzo ambayo yeye mwenyewe hakuisikia.

Hakukosea.

Aliimba hadi mwisho, kiganja hakikuondoka. Skolastika alikanyaga mivukuto akiwa haoni vizuri vibonyezo mbele yake. Wimbo ulipokwisha, mama alikaa kidogo, kisha akafungua ncha ya kanga, akarudisha mashine masikioni.

"Baraza linatuita lini?" aliuliza.

"Hawajasema, mama. Inaweza kuchukua muda."

"Basi watukute tunaujua vizuri. Sauti ya kwanza mmeingia kabla ya wakati, nimeona midomo." Akarudisha kiganja juu ya mbao. "Anzeni tena."